Wenye Mji: Tafakari juu ya Miji Midogo ya Illinois

Mtu apandaye ndege Chicago mwezi wa Juni akaelekea kusini, kabla mahindi hayajapita kimo cha kiuno, huiona chini yake nchi iliyokatwa miraba iliyolingana, shamba kwa shamba na barabara kwa barabara, mpaka upeo wa macho yake. Na akiwa mgeni wa nchi hiyo hustaajabu ni mkono gani uliokuwa na subira ya kunyoosha mistari mirefu kiasi hicho juu ya uso wa dunia. Mkono huo ulikuwa wa sheria. Mwaka 1785, hata katiba ya Marekani haijaandikwa, baraza la taifa hilo changa liliamuru kwamba nchi mpya iliyo ng'ambo ya mto Ohio ipimwe kwa mnyororo, igawanywe katika miraba ya maili sita kila upande, na kila mraba ugawanywe tena katika vipande 36 vya ekari 640 kila kimoja, na kipande cha kumi na sita kiwe kama wakfu wa kuendeshea shule. Illinois ilipoingia katika dola tarehe 3 Desemba 1818, ikawa jimbo la 21, wapimaji walikuwa wangali wakiburura minyororo yao katika majani marefu ya mbuga, wakipigilia vigingi mahali ambapo karani aliye mbali, asiyepata kuiona mbuga hiyo, angeweza kuuza kwa kutaja namba tu.

Ajuaye jambo hilo amekwisha kujua nusu ya tarikhi ya miji midogo ya jimbo hili. Miji ya kale ya ulimwengu aghalabu ilizaliwa na kisima, au bandari, au soko la njia panda, au kaburi la mtu mwema, na baada ya vizazi vingi ndipo walipokuja makatibu kuiandikia hati. Lakini miji ya Illinois, ila michache, ilikuwa hati kwanza. Mwenye ardhi alimwita mpimaji, mpimaji akachora njia na viwanja, ramani ikapelekwa kwa karani wa wilaya ikasajiliwa, viwanja vikapigwa mnada. Na mara nyingine siku ya mnada palikuwa na jina la mji, na uwanja wa mahakama, na mahali pa kanisa, ilhali hapakuwa na hata jiko moja lifukalo moshi. Kwa hiyo swali ambalo kila mji hujiuliza mapema au baadaye, yaani ni nani walio wenye mji, hapa liliulizwa tangu siku ya kwanza, na jibu la daftari lilikuwa jepesi: mwenye mji ni mwenye kiwanja. Nia yangu ni kulipima jibu hilo kwa yaliyotukia katika miji yenyewe, maana nadhani kila mji wa jimbo hili, uliosimama na uliotoweka, ni ushahidi kwamba jibu hilo halikutosha.

Miongoni mwa ile michache iliyozitangulia hati ni Cahokia na Kaskaskia, ambayo Wafaransa waliianzisha kando ya Mississippi, wa kwanza mwaka 1699 na wa pili mwaka 1703, wakaishi humo mapadri na wafanyabiashara wa ngozi pamoja na watu wa makabila ya Illinois waliolipa jimbo jina lake. Kaskaskia ulipata jaha kubwa. Mfalme Louis wa 15 aliupelekea kanisa lake kengele iliyosubiwa mwaka 1741, na kengele hiyo ndiyo iliyolia Wamarekani walipoutwaa mji kutoka kwa Waingereza mwaka 1778. Na jimbo lilipozaliwa, Kaskaskia ndio uliokuwa mji wake mkuu, mpaka serikali ilipohamia Vandalia mwaka 1820. Kisha zikaja meli za moshi, misitu ya kingo ikakatwa kwa kuni za meli hizo, kingo zikalegea, na mwaka 1881 Mississippi ukavunja shingo nyembamba ya nchi kavu, ukaingia katika njia ya mto mdogo uliokuwa jirani ya mji, ukaanza kuumeza mji nyumba baada ya nyumba. Kilichosalia leo ni kijiji cha watu wachache sana, kilicho upande wa magharibi wa mto wakati jimbo zima liko mashariki, na mwenyeji wake akitaka kwenda katika makao ya wilaya yake mwenyewe hana budi apite katika jimbo jirani la Missouri. Hivyo mji mkuu wa kwanza wa Illinois umetengwa na Illinois. Na mtu aliyedhani kwamba ukubwa wa jina huulinda mji na aje aisikilize kengele ile, ambayo ingali ipo.

Walakini mito iliiua miji michache tu. Mingi zaidi iliuawa na uamuzi. Katika miaka ya 1830 uchu wa kuuza viwanja uliivaa nchi hii, wapimaji wakawa watu wa kutafutwa sana, na mmoja wao alikuwa kijana maskini, mrefu, aliyefika mwaka 1831 katika kijiji cha New Salem juu ya mto Sangamon, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1829 kwa ajili ya kinu cha nafaka. Kijana huyo, Abraham Lincoln, alikuwa karani wa duka, akashirikiana katika duka lililofilisika, akawa msimamizi wa posta, akajifunza kupima ardhi kwa vitabu vya kuazima, na mwaka 1836 akapima viwanja vya Petersburg, mji uliokuwa maili chache tu kutoka New Salem. Mwaka 1839 ilipoundwa wilaya ya Menard, Petersburg ukafanywa makao yake. Mahakama ikaenda huko, mawakili wakaifuata mahakama, wenye maduka wakawafuata mawakili, na New Salem ukabaki magofu ya magogo katika muda usiotosha mtoto kuota meno yote. Yule aliyelelewa na kijiji ndiye aliyeupima mji ulioirithi riziki ya kijiji hicho, na hakuna wa kumlaumu, kwa kuwa alifanya kazi aliyolipwa kuifanya; lakini huruma itupasayo kuwaonea watu wa New Salem haipungui kwa kuwa mkono uliowapima nje ulikuwa mkono mwema. Katika miaka ya 1930 vibanda vyao vilijengwa upya ili wageni wavitazame kwa heshima ya Lincoln. Majirani zake waliompa chakula na vitabu wanakumbukwa kwa sababu yake, na laiti asingepita hapo, wasingekumbukwa na mtu.

Reli ndiyo iliyoyafanya mambo haya kwa wingi. Kampuni ya Illinois Central ilipewa hati ya kuundwa mwaka 1851, ikapewa na ardhi ya serikali ipatayo ekari milioni mbili na nusu kandokando ya njia yake, na ilipofika mwaka 1856 ilikuwa imetandika maili 705 za chuma kutoka Cairo, katika ncha ya kusini ya jimbo, mpaka Chicago na Galena kaskazini. Stesheni ziliwekwa kwa kipimo, na penye stesheni wakubwa wa reli na washirika wao wakachora miji kwa ramani iliyokuwa moja, mitaa ikapewa majina ya miti yale yale katika mbuga isiyo na miti, na mmojawapo wa miji hiyo, Centralia, ukapewa jina litokanalo na jina la kampuni. Mji ulioachwa na reli ulihama au ulikufa. Mji uliopitiwa na reli ulijenga ghala la nafaka refu kando ya njia ya gari moshi, kwa umbali ambao mkulima mwenye kigari cha farasi aliweza kuleta mahindi yake na kurejea kwake kabla ya usiku, na kwa kuwa mbuga ile ilikuwa imekwisha kushindwa na plau ya chuma cha pua, ambayo mhunzi John Deere aliifua mwaka 1837 katika kijiji cha Grand Detour, mahindi yalikuwa mengi. Palikuwa na benki, na kanisa la Wajerumani na kanisa la Waayalandi, na shule, na uwanja wa mahakama ambao watu waliujaa siku ya Jumamosi. Hayo ndiyo maisha ambayo Wamarekani wengi huyawazia wanapotaja mji mdogo, nami siyadharau, kwa kuwa watu walijengeana ghala, waliuguzana, walizikana, na mwaka 1858 Lincoln na Stephen Douglas walipozunguka miji saba ya jimbo hili kujadiliana habari ya utumwa, wakulima walisimama saa tatu juani na mvuani kusikiliza hoja zilizokuwa nzito kuliko nyingi zisemwazo leo katika mabaraza makubwa.

Walakini mtu asisahau kuuliza ni nani waliosimama katika uwanja ule na ni nani wasioweza kusimama. Jimbo lilikuwa huru kwa jina. Sheria zake za tangu 1819 ziliwabana watu weusi waliokuwa huru. Sheria ya 1829 ilimtaka mgeni mweusi aweke dhamana ya dola 1,000 kabla ya kufanya maskani humo. Na ile ya 1853 iliwazuia kabisa wasiingie, mpaka ilipofutwa mwaka 1865. Ndani ya ukuta huo wa sheria ndimo ulimozaliwa mji ambao mimi, lau ningeambiwa niuchague mmoja tu katika yote ya Illinois, ndio ningeuchagua.

Mwanzilishi wa mji huo, Frank, alizaliwa mtumwa katika Carolina ya Kusini mwaka 1777, wa mama aliyeletwa kutoka Afrika ya Magharibi. Bwana wake alimhamishia Kentucky, na huko alimruhusu ajiajiri katika saa zilizosalia baada ya kazi, kwa sharti la kumlipa fungu. Frank akachimba shura katika mapango, akaichemsha na kuiuza kwa watengenezaji wa baruti, hasa wakati wa vita vya mwaka 1812 ambapo bei yake ilipanda. Akaweka senti juu ya senti, na mwaka 1817 akamkomboa mkewe Lucy kwa dola 800, kwa kuwa mtoto atakayezaliwa na mama huru angezaliwa huru, na mwaka 1819 akajikomboa mwenyewe kwa dola 800 nyingine. Miaka kumi baadaye akakitoa kiwanda chake chote cha shura kuwa fidia ya mwanawe mmoja. Akahamia Illinois, akafika katika wilaya ya Pike mwaka 1831, akalima, na mwaka 1836 akafanya jambo ambalo halikupata kufanywa na mtu mweusi yeyote katika Marekani kwa jinsi ijulikanavyo: alimwita mpimaji, akachora mji wa viwanja 144 katika ekari 42, akausajili kwa karani wa wilaya kwa jina la New Philadelphia, akaanza kuuza. Mwaka uliofuata baraza la jimbo likampa kwa sheria jina la ukoo, McWorter, na haki ya kumiliki na kushtaki.

Azingatie msomaji nia ya mji huo. Wengine waliuza viwanja ili watajirike. Frank aliuza viwanja ili awanunue watoto wake waliobaki Kentucky. Kila kiwanja kilichopata mteja kilikuwa sehemu ya fidia ya mwana au mjukuu, na alipofariki mwaka 1854, kwa fedha alizokwisha kulipa na zile alizoziusia, watu wapatao 16 wa ukoo wake waliupata uhuru kwa njia hiyo. Ile ramani na ule mnada, vyombo vile vile vilivyotumiwa na wapimaji wote kuigeuza nchi kuwa bidhaa, yeye alivitumia kuwarudisha watu waliogeuzwa bidhaa wawe watu. Wala mji haukuwa wa weusi peke yao. Wazungu walinunua viwanja, wakakaa ubavuni mwa weusi, mshona viatu, seremala, mwenye duka na msimamizi wa posta. Baada ya Vita vya wenyewe kwa wenyewe watoto wao walisoma katika shule moja. Na haya yote yalitukia katika mwendo wa maili ishirini hivi kutoka Hannibal, katika Missouri, mahali ambapo watu walikuwa wakiuzwa hadharani. Sitaki kuupamba kupita kiasi, kwa kuwa waliokaa pamoja hawakuzikwa pamoja, na makaburi ya weusi yalikuwa mbali na ya weupe. Lakini katika zama zile na katika nchi ile, kukaa pamoja tu kulikuwa kitendo cha ushujaa.

Kadiri ya mwaka 1865 mji ulikuwa na watu wapatao 160. Mwaka 1869 reli mpya ilijengwa katika wilaya, ikaupita mji kwa kando. Biashara ikaifuata reli, vijana wakaifuata biashara, na mwaka 1885 hadhi ya mji ikaondolewa katika madaftari, viwanja vikarudi kuwa shamba. Waliopita barabarani kwa miaka mingi waliona majani tu. Lakini wazao wa Frank hawakuacha kusimulia. Mtoto wa kitukuu wake, mwanachuoni Juliet Walker, alichapisha mwaka 1983 kitabu cha maisha yake kwa kuzitafuta hati katika mahakama. Majirani weupe wa wilaya ya Pike wakaunda chama cha kuilinda ardhi. Na tangu 2002 wataalamu wa mambo ya kale na wanafunzi wao wakaja kutembea juu ya shamba na kuchimbua. Walichokipata ni vigae vya sahani, vifungo, sindano, vioo na mifupa ya wanyama walioliwa. Na vitu hivyo, vilipolinganishwa nyumba kwa nyumba, havikuonyesha tafauti kubwa baina ya mezani pa mweusi na mezani pa mweupe. Mwaka 2009 mahali hapo palitangazwa kuwa alama ya tarikhi ya taifa, na Desemba 2022 pakawekwa chini ya idara ya hifadhi za taifa. Mji uliofutwa katika daftari umeandikwa upya, safari hii kwa majina ya waliokaa.

Kinyume chake ni Cairo, mji ambao wenyeji wake hulitamka jina lake kwa namna yao, uliopo pale ambapo maji ya Ohio huchanganyika na ya Mississippi. Waliouchora waliahidi kwamba ungeishinda Chicago, na mahali pake palistahili ahadi hiyo: mito miwili mikubwa, reli, na mwaka 1861, wakati wa Vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la Jenerali Grant likafanya kituo chake hapo. Hesabu ya watu ya mwaka 1920 ilikuta humo wakazi 15,203. Ile ya 2020 ilikuta 1,733. Madaraja na barabara kuu zilizoukwepa mji zina sehemu yao katika anguko hilo, na si sehemu ndogo, lakini sehemu nyingine ilitoka ndani. Kwa abiria weusi wa Illinois Central waliosafiri kuelekea kusini, Cairo ndio mahali walipotakiwa wahame wakae katika behewa la peke yao. Novemba 1909 umati wa maelfu ulimwua hapo William James, mtu mweusi, bila hukumu ya hakimu yeyote. Katika miaka ya 1960 bwawa la kuogelea la mji lilifungwa wakati weusi walipodai haki ya kuingia, na kuanzia 1969, weusi walipoyasusia maduka ambayo hayakutaka kuwaajiri wauzaji wa rangi yao, wenye maduka kadhaa waliona afadhali wafunge milango. Mji uliokuwa na kila neema ya maumbile ulijinyima neema ya watu wake, na ni vigumu kuyatazama madirisha yaliyoachwa ya mtaa wake mkuu bila kuona kwamba dhuluma nayo ina gharama, na kwamba gharama hiyo hulipwa na watoto wa pande zote mbili.

Wala Cairo haukuwa peke yake. James Loewen, mwenyeji wa Decatur katika jimbo hili hili, alichapisha mwaka 2005 kitabu chake juu ya miji ambayo mtu mweusi hakuruhusiwa kukutwa ndani baada ya jua kuchwa, na Illinois ilikuwa na mingi; baadhi yake ni miji ile ile yenye viwanja vizuri vya mahakama na sanamu za askari waliokufa katika vita vya kuuondoa utumwa. Insafu hudai tuyasome mambo hayo mawili katika ukurasa mmoja.

Waliofukuzwa huku na wasiotakiwa kule waliishia wapi? Wengi waliishia Chicago, ambayo mtu husema ni jiji moja, lakini aliyekaa humo anajua kwamba ni miji midogo mingi iliyobanana. Wataalamu wa chuo kikuu chake waliigawa katika miaka ya 1920 iwe maeneo 75, leo ni 77, na kila eneo lina kanisa lake, soko lake na uhasama wake. Pullman ulikuwa mji hasa kabla haujawa mtaa: George Pullman, mtengenezaji wa mabehewa ya kulalia, aliujenga tangu 1880 kwa matofali mekundu, mwenye nyumba akiwa ni yeye, mwenye soko ni yeye, mwenye maktaba ni yeye. Mwaka 1893 biashara ilipodorora alipunguza ujira na asipunguze kodi za nyumba, na mgomo wa 1894 uliozuka hapo ulisimamisha magari moshi katika sehemu kubwa ya taifa. Mwaka 1898 mahakama kuu ya Illinois iliiamuru kampuni iuze nyumba ambazo hazikuhusiana na kazi yake, na hapo ndipo waliokuwa wapangaji walipoanza kuwa wenye mtaa.

Watumishi weusi wa mabehewa hayo hayo walibeba chini ya vitanda vya abiria magazeti ya Chicago Defender, yaliyoanzishwa na Robert Abbott mwaka 1905, wakayasambaza Mississippi na Alabama. Wasomaji wake wakapanda gari la Illinois Central, wakapita Cairo, wakashuka Chicago, wakaufanya mtaa wa Bronzeville. Hati za viwanja zilizokataza nyumba isiuzwe kwa mtu mweusi ziliwasonga katika ukanda mwembamba wa kusini ya jiji mpaka mahakama ya juu ya taifa ilipozinyima nguvu mwaka 1948. Na katika msongo huo walijenga benki, hospitali, vilabu vya muziki, na mshairi Gwendolyn Brooks, aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 1950, akiyaandika majiko na ngazi za mtaa wake kwa makini ambayo wengine waliyaweka akiba kwa ajili ya wafalme.

Nimetaja daftari na hati mara nyingi, na sasa nafika pale hati zinapohusu kumbukumbu zenyewe. Katika miaka ya 1870 na 1880 wachapaji, wengi wao wa Chicago, walipeleka mawakala katika karibu kila wilaya ya Illinois kutengeneza vitabu vya tarikhi yake. Mkulima alijiandikisha kununua kitabu, akasimulia maisha yake, na akiongeza fedha aliwekewa picha yake, au picha ya nyumba yake yenye farasi wanne na uzio mweupe. Vitabu hivyo ni hazina, wala hakuna mtafiti awezaye kuviacha. Ila asiyekuwa na fedha za kujiandikisha hakuandikwa, na mfanyakazi wa shamba, mfuaji, mchimba makaa na mjane hupatikana humo kwa nadra sana. Mtu akisoma juzuu hizo peke yake atadhani jimbo lilijengwa na watu wenye ndevu nzuri. Maktaba ndogo za wilaya na vyama vya wazee wanaozitunza, ambao hujitolea bila ujira kupanga vyeti vya ndoa, kumbukumbu za makanisa na picha zisizo na majina, wamekuwa wakiisahihisha picha hiyo kidogo kidogo; nami naiona kazi yao kuwa ni ibada ya uraia.

Kazi hiyo haijaisha popote, na pahali ionekanapo wazi zaidi ni pale mto Rock unapoingia Mississippi. Hapo palikuwa na Saukenuk, mji mkubwa wa watu wa Sauk, wenye maelfu ya wakazi, mashamba ya mahindi na makaburi ya wazee wao. Mwaka 1804, katika St. Louis, watu wachache wa kabila hilo wasiokuwa na idhini ya baraza lao walitia alama katika mkataba uliotoa mamilioni ya ekari kwa malipo ya dola 1,000 kwa mwaka na vitu vichache. Black Hawk, aliyezaliwa Saukenuk, hakuukubali maisha yake yote. Alirejea na watu wake mwaka 1832, wanawake na watoto wakiwemo, wakafukuzwa mpaka ukingo wa Mississippi katika nchi iitwayo leo Wisconsin, na huko wengi wakauawa wakijaribu kuvuka. Naye katika tarikhi ya maisha yake, iliyochapishwa mwaka 1833, akaeleza uchungu wa kuyaacha makaburi ya wazee wake. Mwaka 1848 John Deere alihamishia kiwanda chake Moline, jirani na mahali hapo. Wakaja Waswidi na Wabelgiji kufanya kazi viwandani. Wakaja Wameksiko kufanya kazi za reli katika Silvis, ambako mtaa mmoja mfupi ulitoa vijana zaidi ya hamsini kwenda vitani, wanane wasirudi, na njia yake ikabaki ya vumbi kwa miaka mingi baadaye.

Na katika karne hii wamekuja watu wa lugha yetu. Katika Rock Island na Moline wanaishi wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, wengine waliozaliwa katika kambi za Kigoma, wanaosalimiana Kiswahili katika vituo vya basi na kuimba Kiswahili makanisani siku ya Jumapili. Nawaambia hao, na kila Mswahili aliyeweka maskani katika miji kama hiyo, kwamba wasijihesabu wageni wasiohusika na mambo yaliyotangulia. Karatasi ya kiwanja watakayoipata siku moja ni halali na tuipongeze, lakini Illinois yote imeonyesha kwamba karatasi hufutwa, na reli hugeuka, na mto huhama. Mwenye mji ni yule aliyekubali kuzichukua khabari zake zote, za Black Hawk pamoja na za John Deere, za Frank McWorter pamoja na za waliotunga sheria za kumzuia, akazijua, akawafundisha watoto wake, kisha akazidisha zake. Basi waandike: mwaka waliofika, kijiji walichotoka, kiwanda kilichowaajiri, kanisa au msikiti uliowapokea, majina ya waliozikwa huko kwanza, waandike kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na nakala moja waipeleke katika maktaba ya wilaya yao wakaidai rafu yake, kabla hajatokea mwingine wa kuwaandikia au wa kuwaacha nje.